Kila Baada ya Saa 72

Usaha wa nyoka hautoki kwa kukamuliwa. Mtu aliyezoea jipu la mtoto au kidonda cha mbuzi atabonyeza, atabonyeza tena, na kisitoke kitu, maana ndani hamna majimaji. Chembe za damu za nyoka zinazopambana na vijidudu hazina vimeng'enya vya kutosha kuyeyusha uchafu wa mapambano hayo, basi usaha hujikusanya ukawa donge gumu, la manjano iliyofifia, lililozingirwa na utando wake. Damu haifiki katikati ya donge hilo, na pasipofika damu dawa nayo haifiki. Unaweza kumdunga chatu antibiotiki mwezi mzima na donge likabaki palepale. Hakuna njia ila kupasua, kulichimbua lote pamoja na utando wake, kisha kuosha shimo lililobaki mpaka nyama ionekane nyekundu na safi.

Ukimtazama fundi akiifanya kazi hiyo, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba hana haraka. Kisu hakipitishi juu ya gamba. Hukipitisha kwenye ngozi laini iliyo kati ya gamba na gamba, akifuata mistari ambayo nyoka alizaliwa nayo, kwa hiyo mkato wake haunyooki, huenda ukipinda huku na huku. Magamba mapana ya tumboni, yale nyoka anayotambalia, hayagusi akiwa na njia nyingine. Kibano kinaingia, kinazunguka ukingo wa donge, kinatoka na kipande. Kinaingia tena. Anajua kwamba masalia madogo yakibaki, wiki chache baadaye atakuwa hapo hapo akifanya kazi hiyo hiyo kwa mnyama aliyedhoofika zaidi.

Wengi wanaoletwa vituoni kutibiwa ni chatu. Hana sumu, lakini ukubwa wake humponza. Hajifichi kirahisi, na akishameza huwa mzito wa kukimbia. Huingia bandani usiku kupitia tundu dogo, akameza kuku wawili, asubuhi tundu likamkataa. Mwenye banda anamkuta humo na panga liko karibu. Mwingine hunaswa na waya uliotegewa paa. Mwingine hukanyagwa na gari usiku, kwa kuwa lami hubaki na joto la mchana naye hulifuata. Wengine huungua mashamba yanapochomwa kabla ya mvua. Pwani ya Kenya, kule Watamu, James Ashe na mkewe Sanda walianzisha shamba la nyoka mwaka 1980, na kupiga simu ili joka liondolewe nyumbani badala ya kuuawa kumekuwa jambo la kawaida kwa wakazi wa huko. Jina la Ashe sasa limo katika jina la kitaalamu la Naja ashei, swila mkubwa kuliko wote wanaotema sumu, aliyetambuliwa rasmi mwaka 2007.

Siku ya kwanza fundi mzuri hafanyi karibu lolote, na hapo ndipo mgeni huchanganyikiwa. Nyoka katolewa guniani, jeraha limefumuka mgongoni, nzi wanalizonga, kila mtu anasubiri kuona sindano.

"Mzee, tumshone?" kijana wa kazi anauliza.

Mzee anaweka mgongo wa mkono wake ubavuni mwa mnyama, anauacha hapo kwa muda. "Bado, mwanangu. Wa baridi huyu. Tumpe joto na maji kwanza, mengine kesho."

Damu inayotoka huzuiwa, funza huokotwa mmoja mmoja, jeraha hufunikwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Basi. Mnyama huwekwa kwenye sanduku lenye giza, sakafu ya karatasi za gazeti badala ya mchanga au majani, ili uchafu uonekane na uondolewe mara moja. Upande mmoja wa sanduku una joto na upande wa pili una ubaridi kidogo, achague mwenyewe. Kwa chatu, upande wa moto huwa kati ya nyuzi 28 na 32 za Selsiasi.

Hilo sanduku ndilo tiba ya kwanza, wala si maandalizi ya tiba. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Mapigo ya moyo, kazi ya ini na figo, mwendo wa chembe za kinga, kasi ambayo dawa husambaa na kutoka mwilini, vyote hufuata joto la mahali alipo. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake huko Michigan, Marekani, walichapisha jaribio ambalo waganga wa reptilia hawachoki kulisimulia. Walichukua mijusi wa jangwani, wakawadunga bakteria hai wa Aeromonas, wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo waliopona walivyoongezeka. Kabla ya hapo ilikwisha kuonekana kwamba mjusi huyo akiugua huenda mwenyewe kutafuta joto zaidi, yaani homa yake huitafuta kwa miguu. Nyoka mgonjwa aliyefungiwa kwenye chumba cha sementi chenye baridi amenyimwa homa, na dawa yoyote utakayompa baada ya hapo inapigana peke yake.

Chatu anaijua habari ya joto kuliko sisi. Graham Alexander, mtafiti wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba chatu jike wa kusini mwa Afrika akishataga hubadilika rangi akawa mweusi zaidi, akatoka kuota jua mpaka mwili wake ukakaribia nyuzi 40, kisha akarudi shimoni kuyazungushia mayai joto hilo. Vifaranga wakishaanguliwa hukaa nao karibu wiki mbili zaidi, bila kula. Kwa mtabibu, mnyama wa namna hiyo akipewa nafasi ya kuchagua joto atakuwa msaidizi mzuri. Lakini taa na kifaa cha kupashia joto lazima viwe mahali asipoweza kuvigusa: nyoka huweza kukilalia kitu cha moto mpaka akaungua tumbo bila kuondoka, na kituo kinachotibu jeraha la panga kikamwongezea jeraha la taa kitakuwa kimejitengenezea aibu.

Kesho yake ndipo uchunguzi unapofanyika. Watu watatu au wanne humshika, mmoja kichwani na wengine wakibeba mwili ili uti wa mgongo usining'inie. Hulazwa chali: mzima hujigeuza mara moja, na kama kipande cha nyuma hakigeuki, huenda uti umevunjika. Ulimi hutazamwa kama unatoka nje mara kwa mara. Mdomo hufunguliwa kwa kitu laini, ufizi unakaguliwa kama una madoa mekundu au ute mzito, kwa sababu nyoka aliyedhoofika huanza kuoza kinywa kabla hajaoza penginepo. Kupe hutolewa katikati ya magamba, kwenye kingo za macho, kwenye tundu la haja. Moyo haupimwi kifuani, kwa kuwa kifua hana. Hutafutwa kati ya robo na theluthi ya urefu wa mwili kutoka kichwani. Ukitulia, na mwanga ukiwa unatoka ubavuni, utaona magamba mawili matatu ya tumbo yakipanda na kushuka. Fundi huweka alama kwa kalamu ya wino mahali hapo, ili atakayeshika kisu baadaye ajue pa kutokaribia.

Kisha maji. Ngozi iliyokunjamana na jicho lililobonyea humwambia mtabibu kwamba mnyama amekauka, na huu ni mtego wenye kuua, kwa sababu dawa kadhaa zinazoweza kumponya huipiga figo kwanza. Amikasini na jentamaisini, ambazo si ghali na hupatikana, zimeua figo za nyoka wengi waliodungwa kabla ya kunyweshwa. Nyoka hakojoi kama ng'ombe. Taka zake hutoka kama uji mweupe wa asidi ya yuriki, na figo zikilemewa uji huo huganda humo humo. Ndiyo maana fundi hutia maji ya dripu yaliyopashwa joto, kidogo leo, kidogo kesho, na haanzi dawa kali mpaka aone mambo yanakwenda.

Kuosha jeraha hakuna siri. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 9 za chumvi kwa lita, yanapigwa kwa sirinji mpaka mchanga na nyama iliyokufa vitoke. Ayodini huzimuliwa mpaka maji yawe na rangi ya chai isiyokolea. Ikikolea, huua na seli changa zinazojaribu kuziba jeraha. Anayemwagia kidonda dawa kali kila siku akidhani povu ni dalili ya usafi anabomoa mchana kilichojengwa usiku. Juu ya jeraha hupakwa krimu ya silva salfadiazini, au asali iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali.

Sasa dawa yenyewe. Vijidudu vinavyoingia vidonda vya nyoka mara nyingi ni Pseudomonas, Aeromonas, Proteus na jamaa zao, wakazi wa maji, udongo na utumbo wa nyoka mwenyewe. Salmonela pia wamo, kwa hiyo glavu hazivuliwi na chai hainywewi chumba kile. Kipande cha jeraha hupelekwa maabara kuoteshwa. Majibu yakichelewa, wengi huanza na seftazidimu. Binadamu hudungwa dawa hiyo kwa kawaida kila baada ya saa 8. Nyoka hudungwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 72. Kipimo hicho kilitokana na utafiti wa Uingereza wa miaka ya 1980, na kina sharti lake: mnyama awe kwenye joto la nyuzi kama 30. Chatu wa kilo 12 hupata miligramu 240, kisha siku tatu hapati kitu. Chupa moja ikishakorogwa huwa na dozi nyingi kuliko zinazohitajika kwa siku moja, basi watabibu huigawa kwenye sirinji ndogo, wakaandika tarehe, wakazigandisha kwenye friza.

Sindano huchomwa nusu ya mbele ya mwili, kwenye msuli ulio pembeni mwa uti, ncha ikiingizwa chini ya ukingo wa gamba kuelekea kichwani. Sababu ya kuchagua mbele ni kwamba damu ya mkiani inaweza kupitia figo kabla ya kurudi moyoni, na dawa ikapotea njiani au ikaziumiza figo zenyewe. Watafiti wa baadaye wameona kwamba kwa baadhi ya dawa tofauti si kubwa kama ilivyodhaniwa. Mafundi wanaendelea kudunga mbele hata hivyo, nami naona wanafanya vyema. Kinga isiyo na gharama haina haja ya kubishaniwa.

Saa hizo 72 ndizo zinazonivutia kuliko kisu. Ni rahisi kumsifu anayeshona. Kumsifu anayengoja ni vigumu, kwa kuwa hakuna cha kutazama: sanduku lililofunikwa, kipimajoto, daftari. Kila mkono unaomshika nyoka humtia hofu, na hofu humrudisha nyuma, kwa hiyo siku ambayo hakuna dozi wala bandeji ya kubadilisha hakuna anayefungua. Wageni hukataliwa. Chakula hakitolewi mapema, hata watu wakimhurumia vipi; chatu anaweza kukaa miezi bila kula, ila akimeza mnyama mzima huku amekauka, atamtapika na kupoteza zaidi ya alichopata. Akianza kulishwa hupewa panya aliyekwisha kufa, kwa maana panya hai huuma, na nyoka mgonjwa hajitetei.

Si kila jeraha hushonwa. La siku mbili au tatu, lenye harufu, huachwa wazi lijijaze kutoka chini, hata kama linatisha macho. Jipya na safi hushonwa, na hapo ngozi ya nyoka huleta ukaidi wake: kingo zake hupenda kujikunja ndani. Zikishonwa kama nguo, gamba litakutana na gamba na hakuna kitakachoshikana. Mshono lazima uzivute kingo zigeuke nje, zibinuke, nyama ikutane na nyama. Nyuzi hizo hazitolewi baada ya siku kumi. Hukaa wiki sita, mara nyingi mpaka nyoka ajivue gamba walau mara moja.

Na ganzi? Zamani kulikuwa na waliomtia nyoka kwenye friji ili atulie, wakamkata. Baridi humnyima nguvu ya kukimbia, maumivu yanabaki, na desturi hiyo nafurahi imekufa kwa wanaojiheshimu. Leo hutumika lignokaini kwa jeraha dogo, na nusukaputi kwa kubwa. Kupitisha mrija wa hewa ni rahisi kushangaza: tundu la pumzi liko sakafuni mwa kinywa, mbele kabisa, ili chatu aweze kupumua wakati mdomo umejaa mawindo. Ugumu ni kwamba nyoka huweza kubana pumzi kwa muda mrefu, kwa hiyo mtu huketi akimpumulisha kwa mfuko, mara nne hadi sita kwa dakika. Upasuaji ukiisha hubadilishiwa hewa ya kawaida badala ya oksijeni tupu, maana oksijeni ikijaa damuni nyoka haoni sababu ya kuanza kupumua mwenyewe.

Majeraha ya moto ndiyo yanayoushinda ufundi huu mara nyingi zaidi. Wakenya wa makamo wanamkumbuka Omieri, chatu jike wa Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, ambaye Waluo wa huko walimwona kuwa mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua vibaya katika moto wa vichaka. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, na akafa. Mwaka 2003 chatu mwingine alipotokea Nyakach akapewa jina hilo hilo, na mabishano yakazuka upya kuhusu nani mwenye haki ya kumtunza. Siwalaumu waliomtibu wa kwanza. Ngozi ya nyoka ndiyo inayozuia maji yake yasitoke na vijidudu visiingie, na ikiungua eneo kubwa, milango yote miwili hufunguka kwa pamoja. Ubaya zaidi, jeraha la moto kwa nyoka halijionyeshi siku hiyo. Gamba linaloonekana zima leo hupauka baada ya siku kadhaa, likalegea, likabanduka, na mtabibu huona ramani ya ugonjwa ikipanuka mbele yake huku tayari ametumia nguvu nyingi.

Yupo atakayeuliza kwa nini dawa iende kwa nyoka katika nchi ambazo mtu aliyeumwa na nyoka anaweza kufika zahanati akakosa dawa ya sumu. Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017, na walio vijijini walijua hivyo miaka mingi kabla. Lakini seftazidimu ya chatu haimnyimi mtu dawa ya sumu. Ni vitu viwili tofauti, na wanaojua kumshika nyoka bila kuumwa mara nyingi ndio hao hao wanaowafundisha wauguzi na wakulima la kufanya mtu anapoumwa. Chatu mwenyewe, kwa upande wake, hula panya wa ghalani.

Wenye sumu hutibiwa kwa kanuni zile zile, isipokuwa kwamba kosa moja linatosha. Swila huelekezwa kwa fimbo aingize kichwa kwenye bomba la plastiki angavu, jembamba kiasi kwamba hawezi kujigeuza ndani yake. Akishaingia theluthi ya mwili, mkono mmoja hushika bomba na mwili kwa pamoja, na kilichobaki nje kinaweza kuoshwa na kudungwa. Miwani ya kukinga macho huvaliwa hata hapo.

Kipimo cha kupona ni gamba. Nyoka aliyejeruhiwa hujivua mara nyingi kuliko kawaida, na kila anapojivua mtabibu huchukua ganda lile, akalitandaza mezani, akalisoma. Pale lilipochanika au kubakiza kipande mwilini, chini yake bado kuna kazi. Kipande kilichoganda hulainishwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, hakivutwi kikavu. Ganda likitoka zima kutoka puani hadi mkiani, pamoja na vile vigamba viwili angavu vinavyofunika macho, mazungumzo ya kumwachilia yanaanza. Lazima pia awe anakula, uzito umerudi, na anabana kwa nguvu pande zote mbili za kovu.

Chatu ni mali ya taifa, Kenya na Tanzania vilevile, kwa hiyo maafisa wa wanyamapori huhusishwa tangu siku aliyoletwa, na hutakiwa tena siku ya kuondoka. Huachiwa karibu na alikotolewa, jioni, mahali penye maji na maficho, katika msimu usio wa kiangazi kikali. Kumpeleka mbuga ya mbali huonekana ni wema, lakini nyoka asiyejua mashimo ya mahali huzurura hadharani, na anayezurura hadharani hurudi kwenye panga. Kazi ngumu huwa ni mwenye banda la kuku. Huelezwa, husaidiwa kuziba lile tundu kwa wavu, na pengine hukubali.

Kovu halioti magamba ya kawaida. Hubaki laini au na magamba madogo yasiyopangika. Kabla ya kufunga gunia kwa safari ya kurudi hupigwa picha yake, pamoja na mabaka ya shingoni ambayo hayafanani kwa chatu wawili, na picha hubandikwa kwenye faili chini ya orodha ya dozi. Akiletwa tena miaka mitano baadaye, atakayemfungua atajua ni dawa zipi zilizomwingia, figo zilikuwa na hali gani, na donge lilitolewa kwenye gamba la ngapi.